Chakula kikavu cha mbwa cha bei nafuu: dalili unazoziona na chanzo chake

Mbwa akianza kuharisha au kukonda, chakula ndicho hushtakiwa kwanza, hasa kama kilinunuliwa kwa bei ya chini. Mara nyingi hakina hatia. Minyoo, kupe, kipimo cha kukisia na mfuko uliokaa wazi stoo huleta dalili zilezile ambazo mwenye mbwa huzibandika jina la "chakula kibaya". Halafu hununua mfuko wa bei ya juu zaidi, na tatizo linabaki palepale.

Kabla hujabadilisha chochote, mpime mbwa uzito. Mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha utoe uzito wako. Mbwa mkubwa mpeleke kwenye mizani ya magunia ya duka la nafaka. Pima pia kwa gramu chakula anachokula kwa siku nzima, maana "kopo moja na nusu" si kipimo: kopo hilohilo hubeba gramu tofauti kila ukibadilisha aina ya punje. Kumbuka ni lini alipewa dawa ya minyoo, na kama hukumbuki, jibu ni kwamba muda umepita. Mwisho usome mfuko wenyewe. Ukiwa umezoea kupimiwa kilo mojamoja kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa dukani, huna cha kusoma, na hilo peke yake ni tatizo tutakalolirudia.

Yapo mambo yasiyosubiri mwongozo wowote. Mtoto wa mbwa anayeharisha damu yenye harufu kali na kutapika, mbwa mkubwa ambaye tumbo limevimba kama ngoma na anajikamua kutapika bila kutoa kitu, macho au ufizi wa njano, ufizi mweupe, mbwa asiyeweza kusimama. Hao ni wa daktari wa mifugo leo hii, na yule wa tumbo la ngoma ni wa saa hii.

Mfuko ni wa bei rahisi, lakini unaisha haraka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Bei ya mfuko haikuambii kitu mpaka ujue mbwa atakula gramu ngapi kwa siku, na hilo hutegemea nguvu iliyomo kwenye kila gramu. Lebo nyingi haziandiki kilokalori, lakini huandika protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na mara nyingine majivu, yaani madini. Zinatosha kupigia hesabu.

Jumlisha asilimia zote tano, utoe kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Kisha zidisha protini kwa 3.5, wanga kwa 3.5, na mafuta kwa 8.5. Jumla yake ni kilokalori zilizomo kwenye gramu 100. Majivu yasipoandikwa, weka 8.

Chukua mifano miwili. Chakula cha kwanza kina protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 5, unyevu 10, majivu 9. Wanga unabaki 52, na hesabu inatoa kilokalori 296 kwa gramu 100. Cha pili kina protini 26, mafuta 14, nyuzinyuzi 3, unyevu 10, majivu 8. Wanga ni 39, nguvu ni takriban kilokalori 346.

Sasa mahitaji ya mbwa. Kwenye kikokotoo cha simu, zidisha uzito wake kwa wenyewe mara tatu, bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili, kisha zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 20: 20 × 20 × 20 ni 8,000, kipeuo cha kwanza ni 89.4, cha pili 9.46, mara 70 ni 662. Hiyo ni nguvu ya mbwa aliyelala tu. Kwa mbwa mzima asiyehasiwa zidisha kwa 1.8, upate karibu 1,190. Aliyehasiwa kwa 1.6. Mtoto wa chini ya miezi minne mzidishie kwa 3, na kuanzia hapo kwa 2 hadi amalize kukua.

Mbwa huyo wa kilo 20 atahitaji gramu 402 za chakula cha kwanza, au gramu 343 za cha pili. Tuseme cha kwanza ni shilingi 4,000 kwa kilo na cha pili ni 4,600. Mfuko wa kilo 15 wa kwanza unauzwa 60,000 na unaisha siku ya 37. Wa pili unauzwa 69,000 na unafika siku ya 43. Kwa siku, cha kwanza kinakula shilingi 1,608 na cha pili 1,578. Kile "cha rahisi" ndicho ghali, na bado hatujahesabu kinyesi cha kuzoa kila asubuhi.

Si lazima iwe hivyo kila mara. Pengo la bei likifika elfu mbili au tatu kwa kilo, cha bei ya chini hushinda, na kwa mbwa mzima mwenye afya hakuna dhambi kukinunua. Kiwango cha kuangalia ni hiki: mbwa mzima anahitaji protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta 5.5, ukiwa umeshaondoa unyevu. Chakula chenye protini 18 na unyevu 10 kwenye lebo ni 18 gawanya kwa 0.9, yaani 20. Kinatosha. Mtoto wa mbwa na jike mwenye mimba au anayenyonyesha wanahitaji 22.5 na mafuta 8.5, kwa hiyo chakula hichohicho hakiwatoshi hata uwajazie bakuli.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kupishana kwa robo nzima. Kinachokata shauri ni mbavu: pitisha viganja ubavuni. Ukizihisi kama mifupa ya nyuma ya kiganja chako, yuko sawa. Zikiwa kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ili kuzitafuta, amenenepa: punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, umpime tena baada ya wiki mbili, na uwaulize wa nyumbani ni nani anayemtupia chapati mezani.

Kinyesi ni kingi, kikubwa, na ni laini kila siku

Mbwa ni mzima na anacheza, ila anatoa marundo manne au matano kwa siku. Sababu ya kawaida ni kwamba sehemu kubwa ya chakula inapita bila kusagika. Angalia viungo vitatu vya kwanza kwenye lebo, kwa sababu huandikwa kwa kufuata uzito. Mahindi, pumba za ngano na mashudu ya soya vikiwa mbele na nyama ikiwa ya tano huko, kinyesi kingi ni jambo la kutarajia. Nyuzinyuzi zikizidi asilimia 5, pumba ni nyingi.

Lakini kabla ya hapo, pima gramu. Mbwa anayelishwa kupita kiasi hutoa kinyesi laini hata kwa chakula kizuri, na dalili yake ni kwamba cha asubuhi kinakuwa kigumu kisha kinazidi kulainika kadiri siku inavyosonga. Punguza sehemu moja ya kumi kwa siku tano uone.

Sababu ya tatu ni namna punje zilivyotengenezwa. Chakula cha mbwa cha kawaida hupikwa kwa mvuke na mgandamizo kwenye mashine inayoivimbisha punje, na wanga wake huiva. Wapo watengenezaji wadogo wanaotumia mashine ya kukandamiza chakula cha kuku, ambayo hushikanisha unga bila kuuivisha vya kutosha. Wanga mbichi ukifika utumbo mpana huchacha, na matokeo ni gesi, tumbo la kunguruma na kinyesi chepesi. Chukua punje kumi, zitumbukize kwenye glasi ya maji. Zilizovimbishwa kwa kawaida huelea, na ukizivunja utaona vitundu vidogo ndani kama vya mkate. Zilizokandamizwa huzama na ndani ya dakika chache zinageuka uji wa unga. Jaribio hili haliwezi kukipa chakula hukumu ya mwisho, ila linakuonyesha kama utafute chanzo huku. Ukishanunua mfuko wa namna hiyo, usiutupe: umalizie kwa kuupika na maji dakika ishirini, kama uji mzito.

Kinyesi cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chokaa maana yake mifupa ni mingi, ama kwenye chakula (majivu yakizidi 10 shuku hilo) ama kutoka jalalani kwa jirani.

Rangi ya kijivu au njano, kikiwa na mng'ao wa mafuta, na mbwa ana njaa isiyoisha huku akikonda, hilo ni jambo jingine. Kongosho huenda halitoi vimeng'enya vya kutosha, na ugonjwa huu huwapata hasa Jemani Shepadi. Hakuna mfuko wa chakula unaoutibu. Upo unga wa vimeng'enya wa kuchanganya kwenye chakula, na daktari ndiye wa kuthibitisha kwanza.

Anaharisha tangu alipoanza mfuko mpya

Ulibadilisha ghafla. Bakteria wa utumboni walizoea mlo mmoja, na wanahitaji wiki moja hadi siku kumi kuzoea mwingine. Siku tatu za kwanza weka robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani. Siku ya nne hadi ya sita nusu kwa nusu. Ya saba hadi ya tisa robo tatu kipya. Siku ya kumi kipya kitupu. Kwa hiyo nunua mfuko mpya wakati wa zamani bado una chakula cha wiki moja. Watu hungoja mfuko uishe kabisa, ndipo wanakwenda dukani, wanakuta aina yao imekwisha, wanachukua iliyopo. Hapo hakuna cha kuchanganya tena.

Kama umeshafika hapo, mbwa mzima aliyechangamka mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa wala kitunguu, sehemu mbili za wali kwa moja ya kuku, kidogokidogo mara nne kwa siku. Siku ya pili au ya tatu anza kurudisha punje. Maji yawepo muda wote. Mtoto wa mbwa usimfungishe chakula hata siku moja, na akiharisha zaidi ya siku moja apelekwe kwa daktari, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, huanza hivihivi. Dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofen na diclofenac, zisikaribie mdomo wa mbwa; hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Ukibadilisha polepole na bado akaharisha kwa zaidi ya wiki mbili, peleka kinyesi kibichi kikapimwe minyoo na giardia, kijidudu cha utumboni, kabla hujanunua mfuko wa tatu.

Anakula vizuri lakini anakonda

Anza na minyoo. Mtoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia wiki ya pili ya maisha, kila baada ya wiki mbili hadi afike wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mzima kila miezi mitatu. Dawa yenye pyrantel pekee haigusi tegu. Inua mkia uangalie: vipande vyeupe kama punje za mchele uliokauka, vimeganda kwenye manyoya ya matakoni, ni tegu, na hapo panatakiwa dawa yenye praziquantel pamoja na kuua viroboto, maana viroboto ndio humrudishia. Ufizi ukiwa umepauka, shuku minyoo safura au homa za kupe. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, likizidi, na kupe wapo au walikuwepo, chakula hakihusiki.

Minyoo ikiwa imeondoka, rudi kwenye bakuli. Nyumba nyingi huchanganya punje na ugali ili mfuko ufike mwisho wa mwezi. Si vibaya kwa kanuni, ila watu hawajui wanapoteza nini. Gramu 200 za punje zenye protini 18 zina protini gramu 36. Ongeza unga wa mahindi gramu 200 wenye protini 8 kwa mia, unapata gramu 16. Jumla ni 52 kwenye gramu 400, yaani asilimia 13. Umeshuka chini ya kiwango cha mbwa mzima, na madini na vitamini za kwenye punje umezigawa nusu. Isitoshe, ugali ni maji kwa sehemu kubwa: gramu 100 za ugali uliopikwa zina kilokalori 110 hadi 130, wakati punje zina karibu 300 kwenda juu. Mbwa ameshiba, tumbo limejaa, na mgongo unazidi kuchongoka.

Kama ugali ni lazima, uandamane na dagaa. Dagaa wakavu wana protini karibu asilimia 60, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wanaleta pia kalsiamu. Gramu 200 za punje, gramu 160 za unga wa dona na gramu 50 za dagaa hukurudisha kwenye asilimia 19. Wachambue, waoshe mara mbili kuondoa mchanga, na wale wa pwani waliokaushwa kwa chumvi waloweke kwanza. Wachemshe pamoja na ugali wenyewe. Kwa mbwa mzima mchanganyiko huo unafaa. Kwa mtoto usiufanye, chakula chake kisipunguzwe na chochote. Na ukienda zaidi ya nusu kwa nusu, acha kujidanganya kwamba unalisha chakula kikavu. Unalisha ugali wenye mapambo.

Jike anayenyonyesha watoto sita au saba anaweza kuhitaji mara tatu ya chakula chake cha kawaida, wakati mwingine zaidi, na kwa chakula chepesi cha bei nafuu tumbo lake halina nafasi ya kukibeba. Hapo ndipo mfuko wa chakula cha watoto wa mbwa unapolipa gharama yake: mpe huo, mara nne kwa siku, hadi watoto waachishwe.

Manyoya yamefifia, ngozi ina magamba, au anajikuna

Tenganisha kwanza. Anayejikuna sana kiunoni na kwenye shina la mkia ana viroboto mpaka ithibitike vinginevyo. Msimamishe juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, mchane nyuma: vidoa vyeusi vinavyogeuka vyekundu ni kinyesi cha viroboto. Kingo za masikio na viwiko vyenye ukoko unaowasha sana ni upele wa utitiri. Mzio wa chakula upo, lakini ni wa mwisho kwenye foleni, na kuuthibitisha kunahitaji wiki nane za mlo wenye protini moja asiyowahi kula, bila mfupa wala tone la maziwa pembeni. Mfuko ulioandikwa tu "nyama na mazao yake" hauwezi kutumika kwa jaribio hilo, kwa sababu hujui ni nyama ya nani.

Manyoya makavu yasiyong'aa, bila kujikuna, mara nyingi ni mafuta kidogo. Chakula chenye mafuta 5 au 6 ndicho kinacholeta hali hii. Tiba ni rahisi: mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa, kwa siku. Anza na nusu yake wiki ya kwanza, asije akaharisha. Kila kijiko ni kama kilokalori 40, hivyo mbwa wa kilo 20 akipata viwili mpunguzie punje gramu 25. Tofauti huanza kuonekana baada ya wiki sita hivi, si siku tatu. Mafuta yaliyokwisha kaangia mihogo usimpe.

Dalili moja inastahili kutazamwa kwa karibu: ukoko mgumu, wa kijivu, unaozunguka macho na mdomo, na nyayo zinazokuwa nene na kupasuka. Huo ni upungufu wa zinki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa mifugo Marekani waliuona kwa mbwa waliolishwa vyakula visivyo na jina vya bei ya chini. Zinki inaweza hata kuwepo kwenye chakula, ila nafaka na soya zina faiteti, kemikali ya asili ya mbegu, inayoishika isifyonzwe, na kalsiamu nyingi huzidisha kuishika. Kwa hiyo yule anayemwongezea mbwa huyu unga wa mifupa "apate nguvu" anamzidishia ugonjwa. Badilisha chakula kwenda kile ambacho nyama au samaki ni kiungo cha kwanza. Vidonge vya zinki vipangwe na daktari, kwa sababu vikizidi vinaharibu tumbo na damu.

Mtoto wa mbwa miguu inapinda

Zipo njia mbili za kufika hapa, na zinakwenda pande tofauti. Anayelishwa ugali na nyama tupu anakosa kalsiamu, mifupa inakuwa laini. Anayelishwa chakula kamili cha watoto, kisha akaongezewa unga wa mifupa au chokaa, amezidishiwa, na kwa mbwa wa jamii kubwa kama Rotweila, Boeboel na Jemani Shepadi kuzidi huharibu viungo sawasawa na kupungua. Kwa hao tafuta mfuko wenye kalsiamu ya asilimia 1.2 hadi 1.8 baada ya kuondoa unyevu, usiongeze kitu, na usimjaze anenepe. Mtoto mwembamba kidogo hukua na viungo vizuri kuliko bonge.

Kosa la tatu linaonekana sana kwenye nyumba zenye kuku: mbwa kulishwa chakula cha kuku kwa sababu kipo na ni rahisi. Cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda ya mayai. Cha kuku wa nyama kinaweza kuwa na dawa ya kuzuia koksidia (vijidudu vya utumbo wa kuku) kama salinomycin, ambayo kuku huivumilia lakini kwa mbwa inaweza kulegeza miguu kuanzia ya nyuma. Mbwa aliyeingia stoo ya kuku usiku na asubuhi hasimami, mpeleke kwa daktari pamoja na lebo ya mfuko wa kuku.

Anatapika baada ya kula

Punje nzima, hazijabadilika, ndani ya dakika chache: amekula mbio. Zitandaze kwenye sinia pana, na mbwa wawili wale mbali. Povu la njano alfajiri kabla ya kula: tumbo limekaa tupu muda mrefu, kigawe chakula mara mbili. Akitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, au kuna damu, acha kubahatisha.

Ghafla amekikataa chakula alichokizoea

Usimlazimishe, na usikimwagie mchuzi ili akimeze. Mbwa ana pua nzuri kuliko yako.

Nusa mfuko. Mafuta yanayopakwa juu ya punje huharibika yakipata hewa, joto na mwanga, na harufu yake hukumbusha rangi ya kuta au karanga za zamani. Chakula hicho kinapoteza vitamini E na kumfanya aharishe. Mfuko ukifunguliwa ulishwe ndani ya wiki sita. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa sisi tungesema wiki nne. Mwenye mbwa mmoja wa kilo 8 hana biashara na mfuko wa kilo 20, hata kama bei ya kilo ni nzuri. Akubaliane na jirani wagawane siku ileile ya kuufungua.

Uhifadhi ni hivi: acha punje ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, ubane kwa vibanio vya nguo, kisha mfuko wote uingie kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko. Pipa liwe juu ya mbao, mbali na ukuta na jiko. Usimimine punje moja kwa moja kwenye plastiki: mafuta ya mfuko wa mwezi uliopita yamebaki kwenye kuta za pipa na yatauharibu mpya. Usimwage mfuko mpya juu ya mabaki ya zamani. Vumbi jepesi chini ya mfuko ambalo ukilitazama kwa makini linatembea ni utitiri wa stoo. Mfuko huo utupe.

Zito kuliko hayo yote ni sumukuvu. Kuvu wa mahindi na karanga huizalisha shambani au ghalani, nayo haina rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi. Wenyeji wa ukanda huu wanaijua kwa machungu: Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na 125 wakafa, Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliugua 68, wakafa 20. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwenye mahindi ya binadamu ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yanayokataliwa mezani yana safari moja, nayo ni kwenda kwenye chakula cha mifugo, na mbwa ana ini dhaifu mbele ya sumu hii kuliko wanyama wengi. Marekani, mwishoni mwa 2020, kiwanda kimoja kilirudisha chakula kikavu kutoka madukani kwa sababu hiyo, na kufikia Januari 2021 vifo vya mbwa zaidi ya 70 vilikuwa vimeripotiwa.

Dalili huja kwa mpangilio: anaanza kukataa chakula, analegea, anatapika, kisha mkojo unakuwa wa rangi ya chai kali na weupe wa macho unageuka njano, mwishoni anatoka damu. Yule aliyekataa mapema ndiye hupona. Mbwa wawili wa nyumba moja wakikataa punje zilezile wiki moja, acha kulisha leo, kabla ya kusubiri njano.

Hapa ndipo kupimiwa kilo kutoka mfuko wazi kunapokugharimu, kwa sababu hutajua ni toleo gani wala lilitengenezwa lini. Kama huna budi kununua kwa kilo, mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko, piga picha tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Ukinunua mfuko mzima, kata kipande chenye namba hiyo na ukibandike kwenye mfuniko wa pipa. Chota pia kikombe kimoja cha punje, kifunge kwenye mfuko mdogo wa nailoni uandike tarehe, ukiweke mahali pakavu mpaka mfuko uishe salama. Mbwa akiugua, kikombe hicho ndicho maabara itakachokipima.